Nilimuandika mama ntilie vibaya, wateja wamemkimbia. Nifute au niache?

Binti_Chumbageni

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie maana ni ndefu kidogo. Mimi niko Tanga mjini, huu mwaka wa tatu naandika kuhusu sehemu za kula hapa kwetu, vibanda, migahawa, hoteli, wauza bajia na supu ya pweza ya jioni, kote napita, nalipa hela yangu, nakula, nikirudi nyumbani naandika nimekula nini, bei gani na nimeonaje. Nilianza kwasababu mgeni akija huku akiuliza akale wapi anaelekezwa sehemu zilezile mbili tatu zenye kiyoyozi, wakati wapishi wenyewe wa mji huu wako Ngamiani na Makorora huko kwenye mabenchi. Nilitaka hawa ndio wajulikane, ndio maana hili jambo limeniuma sana.

Mwezi wa nane nilienda kwa mama mmoja Ngamiani, sitamtaja, nikaagiza wali wa nazi na kibua wa kukaanga. Tonge la pili tu la samaki nikasikia ulimi unawasha kama nimelamba pilipili na pilipili sikuweka. Nikala nikamaliza kwasababu nilikuwa na njaa na kuacha chakula kwenye sahani ya mtu naona vibaya. Haikupita nusu saa uso unawaka moto, shingo na kifua vimetoka vipele, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Nikakimbilia duka la dawa nikapewa dawa ya aleji, mpaka magharibi nikawa nafuu. Na mimi nimezaliwa pwani, samaki sijawahi kumkataa wala yeye hajawahi kunikataa.

Usiku uleule nikaandika, tena nikiwa na hasira. Nikaweka picha ya sahani na picha ya banda lake, nikasema samaki wa juzi, uchafu, msiende mtaugua. Hilo neno uchafu nimeliandika na jikoni kwake sijaingia wala sijachungulia, huo ndio ukweli wangu na nausema hapa kwa mara ya kwanza. Ikasambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Nimesifia watu zaidi ya mia moja kwenye hii miaka mitatu hakuna aliyeshea, nimesema vibaya mara moja skrinishoti imeingia kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka shangazi yangu Muheza kanitumia na mimi akinionya nisije nikala pale.

Wiki iliyopita nikapita pale kwa mguu. Mabenchi yalikuwa manne yamebaki mawili. Lile sufuria kubwa la wali halipo, mama anakaanga maandazi tu, na yule binti aliyekuwa anapeleka maji ya kunawa mezani hayupo. Nilishindwa kusimama nikapitiliza.

Sasa naomba ushauri. Je nifute? Nikifuta si nitakuwa nimeficha kitu ambacho kweli kilinidhuru? Nikiacha, huyu mama mpaka lini? Halafu ndio najiuliza hata kama ni haki kumuandika mama ntilie kwa kipimo kilekile ninachomuandikia mwenye hoteli ya ghorofa. Na la mwisho, kuna hoteli imenipigia wiki hii, wananipa laki na nusu na chakula cha watu wawili niwaandike "vizuri" na niwatumie kwanza wao wasome. Sijawajibu.

Mtoto_wa_Temeke

Dada pole kwanza. Mimi nasema usifute. Mwaka juzi nililazwa siku nne kwa chakula cha banda moja huku kwetu, siku nne na dripu mkononi, mke wangu anashinda benchi la wodini kazi zake kaacha. Narudi mtaani kila mtu ananiambia "aah pale sisi hatuli tunajua". Mnajua tangu lini? Na mlikuwa mnaniona kila jioni nimekaa pale na soda yangu mnanisalimia na kupita! Mtaa mzima ulikuwa unajua, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kwasababu eti tutamharibia mtu riziki. Sawa na mimi riziki yangu je, siku nne sijaenda kazini nani alinilipa.

Hii tabia yetu ya kuoneana haya ndio inatuua. Mtu akiuza kitu kwa umma akubali umma useme. Mama ntilie au hoteli ya ghorofa, tumbo la mlaji ni lilelile.

Nesi_wa_Zamu

Dada naomba nikuambie kitu kuhusu hiyo hali maana nimeisoma mara mbili. Ulimi kuwasha kama pilipili, uso kuwaka, vipele, kichwa, moyo kwenda mbio, yote ndani ya saa moja na jioni imeisha. Siwezi kukupima kupitia maandishi lakini hiyo inafanana sana na sumu ya histamini. Inawapata samaki wa jamii ya kibua, jodari, nguru, hawa wenye nyama nyekundunyekundu. Samaki akishavuliwa akakaa juani au kwenye ndoo bila barafu, bakteria wanabadilisha kitu kilichomo kwenye nyama yake kuwa histamini, na histamini ikishajijenga haitoki tena, ukaange mpaka awe kama ubao, uchemshe, urudishe kwenye barafu, ipo palepale. Ndio maana inaonekana kama aleji na dawa ya aleji inasaidia, lakini sio aleji yako, ni sumu ya yule samaki.

Na hapa ndipo nataka usome vizuri. Samaki wa hivyo anaweza asinuke kabisa. Anaweza awe na macho mazuri. Mama anaweza kumuosha kwa maji safi, akamkaanga kwenye mafuta mapya, mikono yake safi, sahani zake safi, na bado wewe ukatoka vipele. Kosa mara nyingi limefanyika kabla samaki hajafika kwake, kwenye mtumbwi, au kwa mtu wa katikati aliyekaa naye asubuhi nzima. Kwahiyo kilichokupata ni kweli, ila "uchafu" umemtwisha asiyeubeba.

Namwambia na kaka wa Temeke, wewe uliyelazwa siku nne na dripu huo ni ugonjwa mwingine kabisa na maji au mikono ya mtu inaweza kuwa ndio chanzo, pole sana. Kesi zenu hazifanani.

Mtoto_wa_Temeke

Nesi nimekuelewa, sikuwahi kujua hilo. Basi nirekebishe kidogo, uchafu kama hukuuona dada hapo umekosea na ukubali. Ila vipele na kichwa usivifute, vilikupata.

Mzee_wa_Sufuria

Binti yangu, mimi nimeuza chakula miaka kumi na moja Morogoro, nilianza na jiko moja la mkaa nikaishia na wafanyakazi sita, sasa nimestaafu magoti hayataki. Nisikilize upande wa pili wa meza.

Mtaji wa mama ntilie ni wa siku. Asubuhi anachukua mchele kilo kumi kwa Mangi mwenye duka kwa mali kauli, nazi anakopa, samaki ndio anatoa taslimu, mkaa unapimwa kwa debe. Jioni analipa Mangi, anaweka pembeni ya kesho, kinachobaki ndio watoto wale. Friji hana. Siku wateja wasipokuja ule wali hauwi wa kesho, unamwagwa au wanapewa majirani, na Mangi jioni anamsubiri. Hoteli ikipata wiki mbaya inakula akiba, mama akipata siku mbili mbaya amekula mtaji, siku ya tatu hana cha kupika hata wateja wakirudi. Na wengi wana marejesho ya kila wiki, wengine ndio wameshaingia kwenye ile mikopo ya riba kubwa, kausha damu. Ukiona mtu ametoka kwenye wali amerudi kwenye maandazi jua hapo mtaji umekufa, maandazi ni ngano na sukari na mafuta, ndio kitu cha mwisho unachoweza kuanzia.

Wale mabenchi mawili yaliyoondoka usidhani yamewekwa stoo. Yameuzwa.

Sisemi msiandike. Mimi mwenyewe nilisaidiwa na walaji wenye midomo. Siku moja mzee mmoja dereva wa lori kala pilau yangu, kamaliza, kalipa, halafu akanivuta pembeni akafungua kiganja, kuna jiwe dogo, akasema "fundi, huyu anayekuchagulia mchele macho yamechoka, leo ni jiwe, kesho ni jino la mtu". Akaondoka. Hakuna mteja mwingine aliyesikia. Yule mama aliyekuwa anachagua mchele kweli macho yalikuwa yanamsumbua na alikuwa anaogopa kuniambia, nikamhamishia kwenye kuosha vyombo, tukaendelea kwa amani. Na yule dereva alirudi kwangu miaka.

Sasa wewe ulikaa pale, ulimi unawasha, mama yuko hatua tatu kutoka kwako, na hukumwambia. Hilo ndilo ninalokulaumu, kuandika kulikuja baadaye. Ungemwambia pale. Angekujibu vibaya, ungerudi siku nyingine ukaona, ukikuta vilevile hapo andika na mimi nakuunga mkono. Mtu wa kibanda usimhukumu kwa sahani moja. Mwenye hoteli ana meneja, ana msimamizi wa jiko, ana mtu wa kukujibu kwenye mtandao, huyo siku moja inatosha kusema nilichokuta. Huyu mama hata hiyo posti yako pengine kasomewa na mtoto wa jirani.

Kisauni_Mpwani

Naam, mie niko Mombasa na haya mambo huku yametujaa. Hilo la hoteli na laki na nusu ndilo mie lanishughulisha zaidi kuliko la mama, maana la mama umekosa na wajua umekosa. Lakini ukitia mfukoni zile pesa za hoteli, kila ulichowahi kukisifu kitakuwa na shaka. Huku kwetu wapo vijana wapewa chakula na chumba cha bure, kisha waandika kila mahala ni "bora pwani nzima". Sasa watu wamewazoea, wakisoma wapita tu. Na mwenye kuumia ni yule mpishi wa kweli asiyekuwa na pesa za kumpa mtu amsifu.

Sifa za uongo zina nguvu wallahi. Mwaka 2017 kule London kuna mwandishi alichukua banda la nyuma ya nyumba yake, mkahawa haupo, chakula hakipo, akawatia marafiki waandike sifa kwenye TripAdvisor, ule mtandao wa watu kutoa maoni ya mikahawa na hoteli, likapanda likawa nambari moja London nzima. Watu wapiga simu waomba meza! Kama banda tupu laweza kupandishwa hivyo, basi la mwenye kupika laweza kushushwa vilevile, na kwa maneno machache zaidi.

Sheria_Mwaka_wa_Nne

Niongezee upande wa sheria kwa ufupi, mimi bado mwanafunzi kwahiyo ukifika mahali pa kushtakiwa tafuta wakili. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, mtu akichapisha kitu mtandaoni huku akijua ni uongo au kinapotosha, kwa nia ya kumchafua mtu au kudanganya umma, adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili. Maneno muhimu hapo ni "akijua" na "kwa nia". Sisemi dada umefika huko. Ila bado kuna madai ya kawaida ya kashfa, na huko utetezi wako ni ukweli, au kwamba yalikuwa maoni ya haki yaliyosimama juu ya jambo la kweli.

Kwenye kuandika tofauti inakuwa hivi. "Nilikula kibua saa saba mchana, ulimi uliwasha, baada ya nusu saa nikatoka vipele." Hilo ni la kwako, umeliona, unaweza kuliapia. "Wali ulikuwa mzuri lakini sikuupenda samaki." Hayo ni maoni. "Wanauza samaki wa juzi." Hapo umesema kitu kuhusu yeye ambacho hukukiona, ulijuaje ni wa juzi? "Uchafu" hivyohivyo. Ukiwa unaandika jiulize kila sentensi, hii niliiona au nimeihisi au nimeibuni kwa hasira. Na picha ya banda lake ukiiweka juu ya hayo maneno hata usipotaja jina umeshamtaja.

Mbeba_Boksi_Ohio

Nawasoma toka Columbus huku Marekani, nafanya kazi jikoni kwa watu kwahiyo hili ni la kwangu pia. Mzee wa Sufuria alichosema kwamba mdogo anaumia zaidi kuna mtu amekipima. Michael Luca, alikuwa Harvard, aliangalia migahawa ya Seattle na nyota zake za Yelp, mtandao ambako walaji wanaipa migahawa nyota, mwaka 2011. Nyota moja kuongezeka ilikuja na mapato kupanda asilimia 5 mpaka 9, ila hiyo ilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi tu. Ile ya makampuni yenye matawi kila kona nyota hazikuigusa. Na inaeleweka, lile la matawi kila mtu anajua atakula nini, huyu wa peke yake anachojulikana nacho ni maneno ya watu.

Kuhusu hela, huku toka 2009 mwongozo wa ile tume yao ya biashara, FTC, unasema mwandishi akipewa kitu cha bure au hela aseme wazi. Na toka Oktoba 2024 kuna kanuni kabisa, kumlipa mtu kwa sharti kwamba asifie ni kosa. Hiyo hoteli hawakukuambia "njoo uandike utakachoona", walikuambia "vizuri" na wasome kwanza. Hiyo ni tangazo dada. Kama unataka kufanya matangazo fanya ni kazi halali, liite tangazo juu kabisa kabla mtu hajaanza kusoma, lakini usiliweke kwenye mstari mmoja na yule muuza pweza uliyemlipa kwa hela yako.

Na mimi sikubaliani na wanaosema wadogo wasiandikwe kabisa. Usipowaandika wadogo mji utabaki na zile tatu zenye kiyoyozi, ndicho ulichokimbia mwanzo.

Binti_Chumbageni

Wakuu nimerudi, ni siku ya tano leo. Asanteni, nimesoma kila neno, la mzee nimelisoma nikiwa nalia sitaficha.

Juzi baada ya alasiri nilienda. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda anakanda unga kwenye beseni, nikamuamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu hakunijua. Nikanunua maandazi manne, nikakaa, halafu nikamwambia ni mimi niliyeandika. Mikono ikasimama kwenye unga. Kimya, nadhani dakika nzima. Nilitegemea matusi na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea.

Akaniuliza, "Siku ile uliumwa?" Nikasema ndio, nikamueleza. Akasema, "Na wanangu." Ile siku samaki walibaki kumi na wawili, jioni alivyofunga akawabebea watoto nyumbani, usiku wakatoka vipele wote watatu na mdogo akatapika. Yeye akajua ni mafuta ya kula, akamwaga dumu la lita tano alilolifungua juzi yake. Kesho yake akanunua samaki kwa mtu yuleyule. Halafu akaniambia hivi na ndio maneno yanayonizunguka kichwani mpaka sasa, "Ungeniambia palepale mwanangu, wale kumi na wawili ningewatupa."

Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina. Mimi nilikuwa nabishana na nafsi yangu kwamba niliandika ili watu wengine wasiumwe, na waliokuwa karibu kabisa na kuumwa ni watoto watatu na ningeweza kuwazuia kwa sentensi moja.

Nikamuuliza anataka nifanye nini, nikamwambia niko tayari kufuta. Akakataa, kasema ukifuta watu wataona tumelipana. Akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea kwa sauti mbele ya maandazi yake, ilikuwa ngumu. Kila nilipofika "uchafu" alikuwa anaangalia zile sahani zake zimefunikwa kitambaa cheupe. Tukaandika upya pamoja. Ile ya zamani ipo, juu yake nimeweka marekebisho, nimesema kilichonipata, nimesema jikoni sikuingia na neno uchafu nililiandika bila kuona na nimekosea, nimeeleza hiyo histamini kama Nesi alivyoeleza, na kwamba amebadilisha anakonunua. Picha ya banda nimeitoa. Nimeituma na kwenye magrupu nilikojua imefika, nikaanza na la shangazi. Haisambai kama ile ya kwanza, laiki kumi na tisa mpaka sasa hivi, lakini nitaendelea kuituma.

Hoteli nimewajibu hapana. Nimewaambia nitakuja siku nikiwa na hela yangu na sitawaambia ni lini.

Kuanzia sasa kabla ya kuandika baya nitamwambia mwenyewe pale pale, na kwa watu wa vibanda nitarudi mara ya pili. Kitu kinachodhuru afya nikikikuta mara mbili na mtu hataki kusikia nitaandika, na bwana afya wa kata nitamwambia pia. Mtoto wa Temeke hapo tuko pamoja.

Sasa Nesi nina swali lake. Mama anataka kurudisha wali na samaki Jumatatu, ndugu yake amempa boksi la kuhifadhia barafu. Anauliza kwa samaki kilo tano anunue barafu kiasi gani, naomba unijibu hapa nimpelekee.

Nesi_wa_Zamu

Kwa joto letu kilo kwa kilo, samaki kilo tano barafu kilo tano. Iwe imepondwa isiwe bonge. Aweke safu ya barafu chini, samaki, barafu, samaki, juu amalizie na barafu, na boksi liwe na tundu chini maji ya kuyeyuka yatoke, samaki wasiogelee humo. Mwambie aende na boksi sokoni alfajiri, asisubiri kufika nalo bandani, na amuulize muuzaji walivuliwa saa ngapi na walikaa wapi. Akiona hawana barafu kabisa pale wanapouziwa siku hiyo apike maharage.

Na wewe dada, samaki akija na pilipili ulimini tena usimalize sahani.